Jivu la Mugumo

Nilipokuwa mtoto, kwetu upande wa juu wa Runyenjes, hakuna aliyechoma kuni za mugumo. Tulikuwa watu wa kanisa, Jumapili viatu vimepigwa rangi, lakini ule mti mkubwa wa kando ya mto hata mzee wa kanisa aliupita bila kuugusa. Ilisemwa ukichoma tawi lake, hulipi wewe. Anayelipa ni mtoto wa mwisho wa nyumba yenu.

Mimi nilichoma. Nilikuwa na miaka kumi, mvua inakuja, na pale chini matawi makavu yalijaa tele. Nilimdanganya mama kwamba nimeyaokota shambani kwa jirani.

Wiki hiyo hiyo mafua yaliingia darasani kwetu, nusu ya watoto wakabaki nyumbani. Mwaniki, ndugu yangu wa mwisho, wa miaka minne, naye akashikwa: homa, kikohozi, mwili mzima ukimuuma. Siku ya nne alicheka na kula nduma. Jioni homa ikarudi kali kuliko mwanzo. Mama na baba walisema ni mafua tu, yataisha. Mimi peke yangu nilijua, au nilidhani najua.

Asubuhi mama alienda kuchuma majani chai, akaniachia uji wa mgonjwa. Mwaniki hakuugusa. Aliomba maji, nikampa, yakamtoka mdomoni. Alipumua haraka haraka, na kila akivuta pumzi ngozi iliingia ndani chini ya mbavu. Niliogopa. Shamba la chai lilikuwa hapo juu tu, ningeita mama angesikia. Lakini ningemwambia nini? Kwamba nimemuua mtoto wake?

Basi nikachota jivu la jikoni kwa kopo, nikakimbia mtoni kuurudishia mugumo mali yake. Nilimwaga jivu kwenye mizizi, nikapiga magoti na kusali Baba Yetu, maana sikujua mti huombwaje.

Niliporudi, kitanda kilikuwa kitupu na blanketi liko chini. Nilipiga ukemi. Jirani akaniita kutoka kwenye ua: "Wacha kulia! Cucu yako alipita na maharagwe akampata hivyo. Amempeleka hospitali na boda boda. Midomo ilikuwa imekuwa nyeusi!"

Niliwafuata Mwaniki na cucu, nyanya yetu, kwa miguu, nikilia njia nzima. Nilimkuta Mwaniki amewekewa oksijeni, na nesi anaongea na cucu. "Mafua yakipoa halafu homa irudi, msingoje. Na mtoto akipumua hivi, ama akishindwa kunywa, hapo mnakuja mbio. Mbavu zilianza kuingia saa ngapi?"

Cucu alinigeukia. Nilisema yote, kuni na jivu. Hakunipiga.

"Maneno ya mti ungeniachia mimi," akasema. "Wewe ungeita mtu tu."

Mwaniki alilazwa wiki nzima, akapona. Leo ni mwalimu kule Siakago, na ananizidi urefu. Mwaka jana ndipo nilipomsimulia, nikitarajia atacheka. Hakucheka.

"Uliona sipumui vizuri," akaniuliza, "ukaniacha peke yangu?"

Nikamjibu ndiyo. Ningeweza kusema nilikuwa mtoto, na ni kweli. Siku hizi wanangu wakishikwa na mafua, nawainulia mashati nitazame mbavu, hata wakinicheka. Mugumo siuogopi tena. Ninachoogopa ni jinsi nilivyokimbia kwa bidii siku ile, kila hatua ikinipeleka mbali naye, na mimi nikiamini namwokoa.