Mota Ndogo ya Gari la Sitoyeni Ukumu

Tulikuwapo mimi Mave, mtoto wa kijiji cha Bule. Baba mdogo Lokana, aliyemfuata baba yangu kuzaliwa, fundi wa redio pale Bigo, mtaa wa Bunia. Mkewe, mama mdogo Ngave. Mwana wao Ngabu, aliyenizidi umri kidogo. Na Sitoyeni Ukumu (sitoyeni, yaani raia, ndivyo serikali ya enzi zile ilivyotutaka tuitane), mtu wa Mahagi-Port, mwalimu wa shule ya ufundi, ambaye hakuwa ndugu yetu ila alikula kwetu kila Jumapili baada ya misa. Dhesi wa jirani na mama yake walikuja kutazama tu. Nyumba ilinuka risasi ya kulehemu, ule moshi mtamu unaokwama kooni. Mpaka leo nikipita penye meza ya fundi wa simu naisikia harufu hiyo.

Sitoyeni Ukumu alikuwa na gari la kuchezea ambalo kaka yake alimtumia kutoka Ubelgiji. Liliendeshwa bila waya, kwa kisanduku cha mkononi chenye antena, na kwa magurudumu yake manene lilipanda mawe kama mbuzi. Halafu siku moja likaanguka kutoka juu ya jiwe nyuma ya kanisa, na tangu hapo likawa linazunguka upande mmoja tu. Ile mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele, kitu kisichozidi kiberiti, meno yake ya plastiki yalikuwa yamesagika. Kaka mtu akatuma nyingine, hiyo hiyo moja. Ukumu alipotuletea alisema mbele yetu sote: "Mwenye ataifunga hii na gari ipande, nitamuingiza ku shule yangu. Hata kama iko musichana. Miye natafuta mikono, sitafuti suruali." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetolewa shule ya msingi kule Bule nije kumsaidia mama mdogo kulea watoto, na hakuna aliyewahi kutaja tena kwamba nitarudi.

Baba mdogo alikuwa na vidole vinene vilivyoangusha skrubu. Akaniita: "Mave, kuya huku. Weye vidole vyako viko vidogo. Siye tutaifunga." Juma lile zima ilikuwa siye, siye tutaona, siye tutamushangaza Ukumu, nami nililipenda neno hilo kuliko chakula. Mota mpya ilikuwa nyembamba kuliko ya zamani, ikawa inacheza mahali pake. Nikakata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli nikaibana nacho. Kabla ya kuendelea niliunganisha waya zake juu ya meza, bila kuivalisha ule mkono mdogo unaosukuma magurudumu, nikawasha kisanduku. Ikashtuka, ikageuka, ikatulia katikati. Ngabu akaangua kicheko: "Iko inaamuka kama muzee! Inanyoosha mugongo kwanza!" Akaniuliza kwa nini sijavalisha mkono. Nikamweleza polepole, kama mtu anayemgawia mwenziwe karanga: acha kwanza ipate katikati yake, ndipo uvalishe mkono ukiwa umenyooka, ukiuvalisha kabla, itasukuma magurudumu mpaka mwisho na meno yatasagika tena. Akanifanya nirudie.

Jumapili gari lilipanda lile jiwe kubwa la uani, likageuka juu, likashuka kwa heshima zote. Mama Dhesi alipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai. Ukumu akauliza: "Basi ni nani aliifunga?" Baba mdogo akasema: "Siye." Akaweka mkono begani kwa Ngabu. Nikasubiri aunyooshe mkono wa pili kwangu. Ukumu akamuuliza Ngabu alijuaje kutafuta katikati, na Ngabu akajibu kwa maneno yangu yote, akamalizia na yule muzee wake wa kunyoosha mgongo, na Ukumu akacheka mpaka akatoa leso. Nikafungua mdomo: "Baba mdogo..." Mama mdogo akanipokea sinia upesi. "Mave, chumvi iko wapi? Kwenda utafute." Tulikuwa tunakunywa chai. Nani anatia chumvi? Lakini nilikwenda kutafuta chumvi.

Jioni nilimwambia baba mdogo: "Ulisema siye." Hakukasirika, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. "Ndiyo, siye," akasema. "Ngabu akisoma, si ni siye tumesoma?"

Ngabu alisoma, kwenye shule ya Ukumu. Leo ni mtu wa mitambo, ana nyumba nzuri. Mimi herufi hizi nilizimalizia kwa wanangu, wakifanya kazi zao za shule mezani. Siku hizi wajukuu wanaletewa magari ya namna ile kutoka sokoni, yakiharibika yanatupwa, hakuna anayeyafungua kuona kilichokufa ndani. Na naona wasichana wa Bunia wamevaa nguo za ufundi, wanakwenda darasani bila mtu kugeuka kuwatazama. Nawafurahia kweli, ila furaha hiyo ina mahali inaponichoma.

Baba mdogo na mama mdogo wamekwisha kufa, na siwatukani. Ngabu yuko, Dhesi yuko. Kama nimekosea jina au ukoo wa mtu, mnisahihishe. Na kama yupo aliyebaki pale uani nilipokwenda jikoni, akasikia baba mdogo akilitaja jina langu, tafadhali aje aniambie. Hilo ndilo kosa ambalo ningefurahi kuonyeshwa.