Kibanda Kando ya Bahari Iliyoganda

Kazi yangu ilikuwa kukanda watu. Nilijifunza kwa mama, aliyekuwa akiwakanda waliojifungua na wenye viungo vibovu mtaani kwetu Malindi, Zanzibar mjini. Hoteli kubwa zilipoanza kujengwa Kiwengwa miaka ya tisini, nikaajiriwa huko. Nilipewa chumba chenye kitanda kimoja, chupa za mafuta ya nazi na ya karafuu, na dirisha lililotazama wanawake wakivuna mwani.

Mgeni mmoja wa Kizungu alikuja kila mwaka. Alishapita miaka sabini, mdogo wa umbo, na magoti yalikuwa yameshamharibikia. Nilimwita Bi Mkubwa, nikamweleza kwamba kwetu hiyo ni heshima, naye akalipenda jina. Miaka ya mwanzo alikuwa akija na mumewe. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, akaja peke yake. Sikuhitaji kuuliza.

Siku ya tatu, nikiwa nalikanda goti la kushoto, akanisimulia. Mumewe, kabla hawajaoana, alikaa mwaka mzima kaskazini kabisa ya dunia akipima hali ya hewa, katika kibanda kilichokuwa kando ya bahari iliyoganda. Maisha yao yote alikuwa akikitaja kibanda hicho. Walikuwa wameshalipia safari ya kwenda kukiona, safari ya kifahari ya watu wachache, yenye ndege yake na kiongozi wake. Sasa nafasi moja ilikuwa haina mtu.

"Watoto wangu hawataki," akasema. "Wanasema nitafia huko. Twende mimi na wewe."

Nikacheka, nikidhani anazungumza kwa majonzi tu.

"Sifanyi mzaha," akasema. "Nani mwingine anayajua magoti yangu?"

Nilipoyafikisha maneno hayo nyumbani, kaka yangu alikataa palepale. "Mwanamke wa Kiislamu, peke yake, mpaka mwisho wa dunia? Asipouliwa na baridi atauliwa na maneno ya watu."

Mama alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Mikono ya huyu ndiyo iliyotulisha humu ndani tangu baba yenu kufariki," akamwambia. "Wewe ulipokwenda Uarabuni sikukuuliza unafuatana na nani." Kisha akanigeukia. "Nenda, mwanangu. Ila kwanza kamuulize mwalimu habari ya sala. Nasikia huko jua halitui."

Mwalimu wangu wa chuo, aliyenisomesha Kurani utotoni, alikuwa mzee sana. Aliniambia nifuate saa za mji wa karibu wenye usiku na mchana. "Wala usijitie wasiwasi," akasema. "Dini si tabu." Nikambusu mkono nikaondoka nimetulia.

Basi nikapanda boti hapo hapo Malindi kwenda Dar es Salaam kushughulikia viza, na mwezi wa tano nikajikuta nahama ndege moja hadi nyingine. Ya mwisho ilikuwa ndogo kama gari la abiria, na mahali pa magurudumu palikuwa na vibao virefu vya kutelezea. Ilitua juu ya bahari. Nilishuka nikasimama juu ya maji ya chumvi yaliyokuwa magumu kama sakafu, nikasema "Subhanallah" kwa sauti, na mvuke wa neno lile nikauona kwa macho yangu.

Kambi yenyewe ilikuwa na mahema mazito yenye moto ndani, vitanda vya ngozi za kondoo, na mpishi aliyeoka mikate kila asubuhi. Siku ya kwanza aliniuliza napenda kula nini. Hotelini mimi ndiye niliyekuwa nikiwauliza watu wanapenda nini. Nikasema samaki, maana ndicho nilichokuwa na yakini nacho.

Kiongozi wetu alikuwa mtu wa hukohuko, mfupi, kifua kipana, maneno machache. Nilimuuliza kusini ni wapi. Zanzibar nilizoea kusali nikielekea kaskazini; huko nilikuwa nimepita upande wa pili wa Makka na ilinibidi nigeuke. Alinyoosha mkono wake wote, hakuuliza sababu. Kesho yake nilipotoka nikakuta amechomeka kijiti chenye kitambaa chekundu mbele ya hema langu, kuelekea kusini, nisipate shida ya kukisia. Nilisimama pale nikakitazama kijiti kile, na machozi yakanilenga.

Siku ya pili nilifanya kosa. Tulikuwa nje, kamba za kiatu cha Bi Mkubwa zikafunguka, nami bila kufikiri nikavua glavu nimfunge. Kamba zilikuwa ngumu, nikakawia. Nilipoinuka vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa na sivihisi kabisa. Hofu iliyonishika siwezi kuieleza, kwa kuwa mikono ile ndiyo riziki yangu.

Bi Mkubwa alifungua koti lake kubwa, akaichukua mikono yangu akaitia kwapani mwake, akanikumbatia. Damu ilipoanza kurudi nililia kwa maumivu.

"Tulia," alikuwa akinambia. "Tulia, tulia. Umenikanda miaka mingapi?"

Kiongozi alikuja mbio, akavitazama vidole, akashusha pumzi. "Vitapona," akasema. "Lakini hapa glavu hazivuliwi nje. Hata kwa mapenzi."

Siku ya tatu ndiyo tuliyopangiwa kwenda kibandani, na ndiyo siku uliposhuka ukungu. Siku mbili nzima hatukuona hata hema la jirani. Magoti ya Bi Mkubwa yakakakamaa kwa kukaa, ingawa niliyakanda asubuhi na jioni. Mafuta yangu ya nazi yalikuwa yameganda kama jiwe, nikawa nayayeyusha kwenye bakuli la maji moto.

Asubuhi ya tano ukungu ukaondoka, na ndege ya kuturudisha ilikuwa ije alasiri. Kiongozi alitupakia kwenye kigari cha kuvutwa na pikipiki ya theluji, akatupeleka mpaka chini ya kilima. Kibanda kilikuwa juu, kinaonekana. Lakini njia ilikuwa ya mawe na theluji, kigari hakipiti. Bi Mkubwa alijaribu hatua tatu, akasimama.

"Mimi nitapanda nikupigie picha," kiongozi akamwambia kwa upole.

Bi Mkubwa alikuwa akikitazama kibanda.

Chini ya koti nilikuwa nimejifunga kanga mbili kiunoni, kwa ajili ya joto. Nikazitoa, nikazifunga moja kwa nyingine, nikamwambia kiongozi: "Chutama." Alinikodolea macho. Nikamwonyesha kwa mikono jinsi sisi tunavyombeba mtoto kwa mbeleko. Ghafla akatabasamu, mara ya kwanza tangu tufike. "Hata kwetu," akasema, "mimi nililelewa mgongoni." Akachutama.

Tulimfunga Bi Mkubwa mgongoni, kanga ikapita chini ya mapaja na chini ya makwapa, fundo kifuani pa kiongozi, na mimi nikaenda nyuma nikimsukuma makalio. Alicheka njia nzima mpaka akapaliwa.

Ndani ya kibanda mlikuwa na vitanda viwili vya mbao, jiko la chuma lenye kutu, na ukuta uliojaa tarakimu za penseli, safu kwa safu, baridi ya kila siku ya mwaka ule. Bi Mkubwa alizipitishia kidole bila kugusa. "Saba za mume wangu hizi," akasema. "Alikuwa akizikata kwa mstari katikati." Akakaa kitandani. "Maisha yangu yote nilikionea wivu kibanda hiki. Kumbe ni banda la kuku." Akacheka tena, kisha akalia, nikamshika. Kiongozi alitoka akatungoja nje kwenye upepo, mpaka tulipokuwa tayari.

Bi Mkubwa aliishi miaka mingine na alikuja Kiwengwa mara mbili zaidi. Alipofariki, binti yake aliniandikia barua ya kunishukuru kwa kumfikisha mama yake kule. Niliisoma mara nyingi nikiona shukrani imekosea njia, maana mimi ndiye niliyepelekwa.

Mama aliitaka hadithi ile kila wanawake wa mtaani walipokuja kututembelea. Mwishowe akawa anaisimulia yeye, na kwake ile bahari ilizidi kuwa ngumu na kile kilima kilizidi kurefuka. Sikumsahihisha. Nilikuwa nikimimina kahawa na kumsikiliza, nikimshukuru Mungu kwamba siku ile, ungo mkononi, alisema niende.