Chupa ya Gololi ya Bibi Mwanaidi

Kuna siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, na kwa kuwa leo umekuja tena na simu yako kupiga picha chupa zangu, kaa kwanza nikusimulie. Chupa hazikimbii. Hata ile ya sandukuni niliyokuahidi, unayoiulizia kila ukija, tutaifikia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na bidhaa za nje zikaingia. Kiwanda cha soda hapa Morogoro, nilikokuwa naosha chupa, kilifungwa, tukaambiwa twende nyumbani. Soda mpya zikaanza kuja na malori kutoka Dar, na malori hayo hayakupokea chupa zetu za zamani. Wenye maduka wakazitupa. Wenzangu wakatawanyika, mmoja akaenda Dumila kuuza vitunguu, mwingine Mikese, nami nikabaki kwenye chumba changu cha kupanga, sina hata wa kumwambia kwamba mvua imenyesha. Basi nikaanza kuokota chupa.

Usinicheke. Chupa nilizijua. Nilipitisha ukucha kwenye mshono wa kioo: ukikomea shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono, hiyo ni ya zamani; ukipanda mpaka mdomoni, ni ya mashine. Lakini niliyoitamani kuliko zote ni chupa ya gololi, ile ya wakati wa mkoloni, iliyozibwa kwa gololi ya kioo badala ya kizibo. Ni adimu, kwa sababu watoto walizivunja ili wapate gololi ya kuchezea.

Nikasikia kwamba Towero, huko mlimani, Bibi Mwanaidi anayo. Jumapili nikapanda. Nikapiga hodi, nikatoa shikamoo ya haraka, nikaulizia chupa. Bibi akaendelea kumenya ndizi zake.

"Marahaba," akasema. "Unakimbizwa na nani, hata salamu huimalizi? Hujui nimeamkaje, hujui kama nimekula, unauliza chupa!"

Nikaona aibu, nikaketi. Tukasalimiana upya: habari za mgongo wake, za mihogo, za wanawe walioshuka Dar kuuza mitumba na hawajarudi. Nilipoaga akasema chupa iko darini, ila leo hana nguvu za kuitafuta. Nije Jumapili ijayo.

Nikaja. Ikawa bado. Nikaja tena na tena. Mara ngazi imeazimwa, mara mvua, mara kiuno. Nikajitolea kupanda mwenyewe, akakataa katakata. Nilikuwa nikishuka nanung'unika, lakini nina ndizi za kuchoma mkononi, na nimeongea na mtu.

Siku moja jirani yake akanisimamisha njiani. "Kaka, bado unaifuata ile chupa? Wanawe waliivunja wangali wadogo. Imebaki gololi tu."

Nilisimama pale, mji wote uko chini yangu. Ningeweza kushuka. Nikakifikiria kile chumba changu, nikaendelea kupanda. Nikapiga hodi, nikamaliza salamu zote, ndipo nikauliza, "Bibi, chupa imepatikana?"

"Bado, mjukuu wangu. Njoo Jumapili."

Nikaenda Jumapili ile, na nyingine nyingi, mpaka alipofariki. Baada ya mazishi yule jirani akaniletea gololi, akasema Bibi aliagiza nipewe mimi. Nililia kama mtoto, na wala sikuwa nalilia chupa.

Sasa sikiliza, mwanangu. Ukienda kwa mtu mzima kufuata kitu, maliza salamu kwanza. Na kitu kikikosekana, usiache kwenda. Huenda ahadi ile ndiyo kitu pekee alichobaki nacho cha kukurudisha mlangoni kwake. Mimi mke wangu ametangulia, na watoto wangu kila wakipiga simu wana haraka. Upweke ni mbaya, nakwambia wazi.

Fungua kiganja chako. Ndiyo hiyo, gololi ya Bibi Mwanaidi. Sandukuni hamna chupa, haijawahi kuwamo.

Mungu akupe umri mrefu, akulinde barabarani, na ukizeeka akujalie mtu wa kukupigia hodi. Haya, nenda kabla mvua haijashuka. Jumapili nipo.