Matabishi Mbele ya Patroni

Ndugu yangu mkubwa husema kwamba mimi ndiye ninayewaharibu mafundi wa Lubumbashi. Huyasema hayo mezani, tonge la bukari likiwa mkononi, kwa sauti ya mtu anayesoma misa. Baba yetu alitumika kazi kwenye reli tangu ujana wake alipotoka kaskazini ya Katanga, na hakuwahi kupokea hata chupa ya soda kwa abiria. "Mushahara ni mushahara," alikuwa akituambia. Ndugu yangu aliirithi sentensi hiyo kama wengine wanavyorithi kiwanja. Mimi niliisikia pia, nikaiacha pale pale mezani. Natoa matabishi. Fundi akinitumikia vizuri, baada ya kulipa bei ninamwongezea kitu cha mkononi, na sijaona kwa nini nione haya.

Tangu mume wangu afariki ninaishi kwa mahindi. Ninayanunua Lukafu kwa wakulima, ninayaleta mjini kwa kamionete iliyozeeka kuliko wanangu wote. Mtu anayepanda na kushuka njia ile akiwa na magunia mgongoni mwa gari hajali sana rangi wala viti. Anajali breki.

Kwa miaka mitano gari hilo lilitengenezwa na fundi mmoja katika gareji ya mjini. Mtu mfupi, wa umri wangu, asiye na maneno. Injini ikilia vibaya, aliigusa kwa ncha ya turnavisi, bisibisi yake ndefu, na kukaza sikio kwenye mpini, macho amefumba, kisha alisimama na kusema neno moja tu, na neno hilo ndilo lilikuwa ugonjwa. Ukutani patroni wake alikuwa amebandika karatasi: ni marufuku kuwapa mafundi matabishi. Nilikuwa nikiisoma kila mara, na kila mara nilimpa fundi wangu nje ya geti, kama mwizi. Hilo ndilo jambo pekee ninalolionea haya leo.

Siku moja nilipeleka gari kwa kubadilisha oili tu, maana kesho yake nilikuwa ninakwenda Lukafu na wanawake wawili wenzangu. Ilikuwa karibu saa sita za mchana, mafundi wakianza kufungua vyombo vyao vya chakula. Yeye akaniita.

"Mama, kuja uone."

Alikuwa amelala chini ya gari. Akanionyesha mpira wa breki wa gurudumu la mbele, umevimba na kupasuka-pasuka kama kisigino cha mtu wa shamba, na majimaji yakichuruzika.

"Hii iko karibu kukatika," alisema. "Ku mulima ya kule, hautasimama."

"Mupira mupya iko?"

"Hapa haiko. Nitatafuta."

Akafunika chakula chake, akatoka kwa miguu kwenda kwa wauza vipuri. Alirudi jasho likimtoka, mpira mkononi. Wenzake walikuwa wamemaliza kula na kunawa. Akaingia tena chini, nami nikapanda kwenye usukani.

"Kanyaga. Shika. Achia. Kanyaga tena."

Tulitoa hewa kwenye breki namna hiyo hadi mguu wangu ulipoona pedali imekuwa ngumu kama jiwe. Alipotoka chini, majimaji ya breki yalikuwa yamemwingia hadi sikioni. Chakula chake kilikuwa bado kimefunikwa.

Nikaenda ofisini, nikalipa kila kitu kilichoandikwa. Kisha nikarudi, na mara hii sikungoja kufika nje ya geti. Nilimnyooshea fundi noti pale pale, mchana kweupe.

Patroni akatoka mlangoni. "Mama! Haukusoma kwa ukuta?"

"Nilisoma."

"Basi juu ya nini unanifanyia vile? Ukimupatia huyu, kesho atatengeneza motokari yako ya kwanza, na ya muntu asiye na kitu itabakia. Na tena bantu batasema silipake bafundi bangu."

Nakubali, hayakuwa maneno ya mpumbavu. Nikamjibu polepole. "Patroni, kazi nimekulipa wewe. Hii ni ya saa yake ya kula. Aliiacha juu yangu."

"Saa yake iko yangu."

Kama angesema kitu kingine chochote, pengine ningerudisha noti kwenye mkoba. Lakini alisema hilo.

"Saa ya muntu ya kula haiko ya patroni," nikasema. Nikaiweka noti juu ya boneti ya gari langu na kuikandamiza kwa spana. "Akamate, asikamate, mimi siirudishe."

Fundi aliangalia chini. Kisha akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akainua spana, akachukua noti na kuitia mfukoni mwa shati.

"Kama unaikamata," patroni akamwambia, "kamata na njia."

Nilidhani ni hasira ya dakika moja. Nilikwenda Lukafu, nikashuka mlima ule na magunia yangu, breki zikashika. Niliporudi nikasikia kwamba fundi amefukuzwa kweli.

"Umeona?" ndugu yangu akasema. "Ile matabishi yako imemutoa bukari mu kinywa."

Usiniulize kama nililala vizuri wiki ile. Nilimrudia patroni, akaniambia fundi anaweza kurudi, ila aombe msamaha kwanza mbele ya wote, na mimi pia. Basi nikatafuta nyumba ya fundi, nikaipata Naviundu, si mbali na mto. Mke wake alisimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani.

"Njo huyu mama ya matabishi?" akamwuliza mumewe, bila kunisalimu.

"Njo mimi," nikasema. "Nimekuja kuomba samahani. Na kama ni kwenda kuomba samahani kwa patroni pia, nitakwenda."

Fundi akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Ile franga sikuikamata juu ya njala. Niliikamata juu alisema saa yangu iko yake. Sirudi kule."

"Na sisi tutakula hayo maneno na nini?" mke wake akasema.

Alikuwa na haki. Nilichoweza kufanya nilikifanya: nililiacha gari langu pale kwake litengenezwe, nikawaambia wanawake wote ninaofanya nao biashara ya mahindi. Walikuja mmoja mmoja. Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Mke aliuza makala, mkaa wa kupikia, mume alitumika juu ya mbao mbili zilizolazwa kwenye shimo alilolichimba mwenyewe. Sasa ukipita pale asubuhi utakuta magari matatu yanangoja, na yule mke hunisalimu, hata kama bado hanichekei.

Mara ya kwanza nilipotaka kumpa matabishi pale kwake, alinirudishia mkono.

"Hapa mimi njo patroni. Matabishi ya nini? Nikiona bei ni kidogo, nitaipandisha."

Na akaipandisha kweli, mwezi uliofuata. Nililipa nikicheka.

Ndugu yangu alifurahi alipoisikia habari hiyo. "Hata yeye anaikataa!" Nikamwambia anaikataa kwa sababu sasa bei anaitaja kwa kinywa chake mwenyewe. Yule asiyeruhusiwa kutaja bei ya jasho lake, huyo nitampa, na baba yangu anisamehe huko aliko.

Jambo moja nimejifunza, nalo nililipata kwa shingo ya mtu mwingine: siku hizi ninauliza kwanza. Juma lililopita nilibadilishiwa magurudumu ya mbele mjini, mahali nisipojulikana. Fundi alikuwa amegundua msumari nisioujua kwenye gurudumu la nyuma, akautoa, akaziba tundu bila kuambiwa. Nikamsogelea.

"Papa, nikikupatia kitu, batakufukuza?"

Akamtazama bwana wake aliyekaa kwenye kiti karibu na mlango, kisha akanitazama mimi.

"Leta, mama," akasema, kwa sauti ya kusikika.

Nikampa. Bwana wake aligeuza uso, akaanza kuhesabu matairi yaliyopangwa ukutani.