Kiungo Nyuma ya Kabati

Kibanda cha fundi umeme pale kwenye kona kimefungwa tangu mwezi wa tatu. Hakuna tangazo mlangoni. Mtu mwenye feni iliyogoma huibeba hadi pale, huona kufuli, husimama kidogo kama aliyesahau alichofuata, kisha hurudi nayo nyumbani. Asubuhi hakuna tena anayepita akigonga madirisha kwa mpini wa bisibisi na kuuliza, "Taa zenu zimeamkaje?" Tulikuwa tukikereka naye. Sasa tunaamka kimya kimya, kila mtu kivyake.

Tulimwita Bi Testa, kwa sababu ya testa yake, ile bisibisi ndogo ya kupimia umeme yenye taa ndani ya mpini, ambayo aliichomeka kwenye kilemba chake na haikutoka humo ila kwa kazi. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mjane, na mabega ya mtu aliyebeba ngazi maisha yake yote. Kabla ya kufungua soketi yoyote aliigusa kwanza kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyopima homa ya mtoto. "Kiganja kikipigwa kinashika," alikuwa akisema. "Mgongo ukipigwa unakimbia."

Nyumba yake mwenyewe aliijenga pamoja na marehemu mumewe, na nyaya zote alizipitisha kwa mikono yake, miaka ishirini na miwili iliyopita. Binti yao alipoolewa aliwaachia nyumba hiyo, yeye akahamia chumba kilicho nyuma ya kibanda. Mama akikaa nyumba moja na mkwe wake, alisema, kila mmoja anaishia kukohoa mlangoni kabla ya kuingia sebuleni.

Mkwe huyo ni muuguzi wa zamu ya usiku, kijana mpole, hasemi sana. Mwezi wa pili alinunua gari la umeme, mkononi, la rangi ya maziwa. Hakuwa na chaja ya ukutani. Alikuwa na waya mnene wenye kisanduku katikati, na katika kisanduku kitufe cha kuchagua umeme uingie kwa kasi gani: ampea kumi, kumi na sita, thelathini na mbili. Nyumba nzima ilikuwa na soketi moja tu ya kubeba mzigo huo, ile nene ya jiko la umeme. Basi akamngoja mama mkwe siku ya Jumapili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Gari lako limenyamaza hivyo, kweli lipo hai?"

Akacheka. Kisha akaonyesha soketi. "Nilikuwa nauliza, mama. Hii ya jiko itafaa? Tukiwa hatupiki, nichomoe jiko, nipitishe waya dirishani."

Bi Testa aliitazama soketi kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe.

"Itafaa," alisema. "Lakini usipite kumi."

"Mbona jiko lenyewe linakula zaidi ya hapo?"

"Nyaya nazo zina umri wao, baba. Kumi."

Jibu hilo halikuwa la uongo, na ndiyo maana lilimtesa. Waya wa jiko unatoka kwenye boksi la swichi, unapita ndani ya ukuta unaotenganisha jiko na chumba cha kulala, ndipo unafika kwenye soketi. Mwaka ule alipoupitisha, waya uliisha kabla ya kufika. Ulipungua kama urefu wa mkono. Duka lilikuwa limefungwa, mpiga plasta alikuwa ameshachanganya mchanga na saruji, na mumewe alikuwa akisubiri kuhamia. Akachukua kipande kilichobaki kwenye kazi nyingine, akakisokota na ule waya mfupi, akazungushia tepu nyeusi, na plasta ikapita juu. Aliwaza jambo moja tu: jiko huwashwa nusu saa, likazimwa, likapoa. Hakukuwa na kitu kingine duniani ambacho mtu angechomeka hapo.

Gari hunywa umeme kwa saa nane mfululizo.

Angeweza kusema siku ile ile. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini binti yake alikuwa amesimama pale na mtoto mgongoni, na mkwe alikuwa akimtazama kwa heshima ile anayotazamwa nayo mtu anayejua. Sentensi ikarudi tumboni.

Badala yake akaanza kuja kila siku mchana, saa ambazo muuguzi amelala na gari linakunywa. Anaingia jikoni, anaweka mgongo wa mkono ukutani, anangoja.

"Mama siku hizi anasalimia ukuta kabla ya watu," binti yake alitania.

"Ukuta haunijibu jeuri. Mume wangu yuko wapi?"

Mume wake ni mjukuu, wa miaka miwili. "Mumeo kalala na baba yake," binti anamjibu. "Kachoka kukungoja."

Na hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe. Kile kiungo hakikuwa upande wa jikoni. Kilikuwa upande wa pili, karibu na uso wa ukuta wa chumbani, nyuma ya kabati la nguo, na sakafuni mbele ya kabati, juu ya godoro dogo, ndipo mtoto alipolala mchana. Upande wa jikoni ukuta ulikuwa wa baridi siku zote, lakini haukumwambia kitu. Mama mkwe haingii chumba cha mkwe wake, tena mkwe amelala. Ili auguse ukuta ule ilibidi aseme kwa nini. Kwa hiyo aligusa upande usio na habari, akajidanganya kwa wiki tatu.

Alhamisi moja alikuwa juu ya ngazi katika ofisi ya mwanasheria, mitaa minne kutoka nyumbani, akibadilisha taa. Simu ikalia. Binti, yuko shuleni anakofundisha, wakati wa mapumziko.

"Mama, leo usihangaike kupita. Baba mtoto ana safari jioni, kaitwa kwenye mafunzo. Kasema kumi haitajaza gari, kaweka thelathini na mbili tangu saa mbili asubuhi. Ila chumbani kaniambia kuna joto la ajabu, kama ukuta una homa. Nikamwambia fungua dirisha."

"Mtoto yuko wapi?"

"Wamelala wote. Mama? Mama!"

Saa ilikuwa sita kasoro. Bi Testa alishuka ngazi bila kuhesabu vidaraja. Mwanasheria alimwona akipita mapokezi na balbu mkononi, akamuuliza kama umeme umekatika, hakujibiwa. Alimpigia mkwe akiwa anakimbia. Simu ikaita, ikaita, ikanyamaza. Muuguzi wa usiku huzima sauti ya simu mchana, na hilo yeye ndiye aliyemshauri, ili apate usingizi.

Breka ilikuwa kichwani mwake njia nzima. Breka hukata umeme ukizidi kiasi. Lakini umeme huu haukuzidi. Breka haina macho ya kuona kiungo kibovu ndani ya ukuta. Ingeendelea kuruhusu, kwa adabu zote, mpaka mwisho.

Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Boksi la mita lilikuwa nje, kwenye nguzo ya ukuta, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka liwe nje. Akalifungua, akashusha swichi kubwa. Gari uani likatoa mlio mmoja mfupi. Kisha akaligonga geti kwa mawe.

Feni iliposimama, muuguzi aliamka. Alitoka na kanga ya mkewe kiunoni, macho mekundu, akamwona mama mkwe wake akihema, kilemba kimelegea.

"Nipishe, baba. Naingia chumbani kwenu."

"Mama, kuna nini?"

"Nipishe."

Harufu ilimpokea mlangoni, ile harufu tamu na mbaya ya plastiki inayoiva. Mtoto alikuwa kwenye godoro, jasho limemlowesha, amelala kwa ukaidi wa watoto. Akamnyanyua, akampa baba yake. "Mtoe nje." Kisha akaweka bega kwenye kabati na kulisukuma peke yake. Mgongo wa kabati ulikuwa umebadilika rangi. Ukutani, pa ukubwa wa sahani, rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Alipeleka mgongo wa mkono, na mkono ukakimbia kabla haujafika.

Akatoa tindo na nyundo kwenye mfuko. Plasta ilianguka kwa vipande vikubwa. Ndani, tepu ilikuwa imeyeyuka na kushikamana na shaba kama lami, na ubao wa kabati mahali pale ulikuwa mweusi kwa unene wa kidole.

Binti alifika akiwa na chaki mikononi, bado anahema. Aliangalia ukuta, akaangalia mama yake aliyepiga magoti kwenye vumbi.

"Nani aliunga hivi?"

"Mimi."

"Ulijua kipo?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaanza shule."

Mtoto aliamka begani kwa baba yake, aliyerudi naye mlangoni, akadai maji. Mkwe, ambaye katika miaka yote minne hakuwahi kumpandishia sauti, hakuipandisha hata sasa.

"Mama," alisema, "mwanangu alikuwa amelala hapo."

"Ni kweli."

"Nilikuuliza. Nilikuja nikakuuliza kwa adabu."

"Uliniuliza. Nikaona haya."

Mkwe alimpigapiga mtoto mgongoni. Kisha akauliza lile ambalo Bi Testa alikuwa akilikwepa hata kichwani mwake. "Na nyumba za watu wengine?"

Mwaka ule Bi Testa alifanya kazi kwa vipande vya waya. Waya ulikuwa haba, na kila kipande kilichobakia kiliungwa na kingine. Alihesabu kwa vidole, akapita mtaa kwa mtaa kichwani. Zilikuwa nyumba tisa, zikiwemo mbili ambazo sasa zina magari ya umeme uani.

Kwenye ukuta wa chumbani alipitisha waya mpya mzima siku iliyofuata. Jumamosi akafunga kibanda. Alianza kwa wale wenye magari. Anagonga, anasimama mlangoni na tindo mkononi, na kabla ya salamu kuisha anasema alichofanya, na mwaka. Mmoja alimtukana hadi majirani wakatoka. Mwingine alicheka, akadhani ni utani, mpaka alipoona plasta imefunguliwa. Binti yake alichelewa kumpigia simu, wiki mbili nzima. Siku alipopiga alisema tu, "Mumeo anakuuliza."

Wiki hii yuko nyumba ya sita, kwa mshona viatu nyuma ya soko. Ameshautoa waya wa zamani jikoni, na amewaambia wasitumie soketi ile hadi Ijumaa.