Mkono Nilioushika Ngara

Mimi sina nguvu tena ya kubishana na watu. Zamani mtu akicheka nikimsimulia jambo hili nilikuwa namshika shati, namwapia kwa Biblia na kwa kaburi la baba yangu. Siku hizi nasema tu kwamba lilitokea, na lilinitokea mimi, na asiyeamini anywe chai yake aende zake. Wewe unayetaka kusikia, kaa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, siku za Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakiwasaka wapiganaji wa msituni. Nairobi ya wakati ule ilikuwa mji wa kusimamishwa. Askari wanakusimamisha asubuhi, wanakusimamisha mchana, na jua likizama Mwafrika awe ndani. Hata sisi tuliotoka magharibi, tulioitwa watu wasio na matata, tulitembea na vipande vyetu, vile vitambulisho vya kazi, mkononi. Mimi nilitoka Maragoli. Kazi yangu ilikuwa kuandika vibao vya maduka kwa Mhindi mmoja karibu na River Road. Mke wangu Selina alikuwa yaya Kileleshwa, kwa hiyo tulilala katika chumba cha watumishi nyuma ya nyumba ya mzungu wake. Asubuhi nilishuka mjini kwa miguu, jioni nikapanda. Nilikuwa kijana, lakini nilichoka kama punda wa kubeba maji.

Kitu kilichonipumzisha kilikuwa kimoja, chama chetu cha mwandiko. Jumamosi mchana kazi zikifungwa tulikutana Ngara, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani. Aliyekianzisha ni Mwalimu Eliya, karani wa misheni aliyestaafu, mtu mkavu asiyecheka ovyo. Tuliandika vyeti vya ubatizo, aya za kwenye kuta za makanisa, mabango ya kukaribisha wageni wakubwa. Shule zikifunga, tulifundisha vijana. Lakini saa nyingi hatukuandika neno lolote, tulichora mistari tu. Mstari wa kupanda uwe mwembamba, wa kushuka uwe mnene, karatasi baada ya karatasi, mpaka bega linawaka moto. Ukimwuliza Mwalimu Eliya utaandika neno lini, anakujibu kwamba bado hujachoka vizuri.

Sasa sikiliza desturi yetu, kwa sababu shida yote ilitoka hapo. Sisi hatukufundisha kwa mdomo. Mgeni akija kujifunza, mmoja wetu anasimama nyuma yake, anaweka mkono wake juu ya mkono wa mgeni, na pamoja wanaandika jina la huyo mgeni. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kila mtu, jina lake. Na aliyemshika kwenye herufi ya kwanza lazima amshike mpaka ya mwisho. Mwalimu Eliya alisema mkono ulioacha jina la mtu nusu hautulii. Tulidhani ni maneno ya kututia adabu, kama mtoto anavyokatazwa kupiga mluzi usiku.

Jumamosi moja mvua ya masika ilikuwa imeshika. Wenzangu walikuwa wamekwenda na Mwalimu kuandika aya katika kanisa moja upande wa Kabete. Mimi nilibaki peke yangu Ngara kwa sababu kulikuwa na vyeti vya ubatizo vilivyotakiwa kesho yake. Ni mchana, taa haijawashwa, mwanga wa dirishani unatosha. Nikainua kichwa kuchovya kalamu, nikaona mtu amesimama kando ya meza.

Alikuwa kijana wa rika langu, koti la khaki, miguu haina viatu na imejaa udongo mwekundu. Je, niliogopa? Hata kidogo. Nairobi nzima wakati huo ilikuwa na watu wa namna hiyo. Alinisalimu kwa adabu, akasema anataka kuandika jina lake. Nikamwuliza kwa nini aje leo na mvua yote hii.

"Huko ninalala tuko wengi," akasema, "na hakuna mtu ameandikwa."

Nilidhani anasema habari za bweni la vibarua. Wewe ungedhani nini? Nikamvutia kiti, nikampa kalamu, nikasimama nyuma yake kama tulivyofundishwa. Nikamwuliza jina. Akaniambia tuanze na Yohana, hayo mengine yako kwa mama yake, Kangemi, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Nikaona ni mtu wa mzaha. Nikaweka mkono wangu juu ya wake.

Watu husema wafu ni baridi. Ule mkono haukuwa baridi, wala haukuwa na joto. Ulikuwa kama mkono wako mwenyewe ukiulalia usiku ukafa ganzi. Unaona kwamba kitu kipo, lakini habari zake hazikufikii. Na ulijua kazi, niamini. Mimi ndiye niliyepaswa kumwongoza, lakini mistari ya kupanda ilikuwa myembamba kama uzi, ya kushuka minene, na mimi nafuata tu. Tukaandika Yohana. Tukaandika herufi tatu za jina la pili, K, a, r. Hapo mkono ukasimama.

"Nimechoka," akasema. "Ile imebaki utamaliza na mama."

Niligeuka kuweka kalamu kwenye wino. Nilipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu. Nikatoka mbio hadi mbele. Cherehani ya yule fundi ilikaa mlangoni kabisa, mtu hapiti bila yeye kusogeza goti. Nikamwuliza yule kijana amekwenda wapi. Akaniangalia kwa huruma. Akasema hakuna aliyeingia wala kutoka, ila mimi ameniona kupitia mlango wa kati, nimesimama nyuma ya kiti kitupu, nimeinama, naongea na kuandika peke yangu.

Nilijiambia ni uchovu, na ningekuwa naamini hivyo mpaka leo kama si mkono wangu. Nilirudi kwenye vyeti. Nikaanza jina la mtoto wa kike wa watu, na kalamu ikaandika Yohana Kar, ikasimama. Nikachukua cheti kingine, ikawa vilevile. Parokia ile ingebatiza kina Yohana watupu, wavulana na wasichana. Jumatatu nilipanda ngazi kuandika kibao cha duka la viatu, na brashi ikaandika Yohana Kar kwa rangi nyekundu, herufi ndefu, watu wote wa barabara wanasoma. Nikijaribu kumalizia kwa kubahatisha, Karanja au Kariuki, vidole vilikuwa vigumu kama kuni. Yule Mhindi alinivumilia siku kadhaa, kisha akaniita pembeni.

"Fundi, wewe nagonjwa," akaniambia taratibu. "Rudi nyumba, pumzika. Mukono ikipona, kuja."

Selina alikuwa mjamzito. Alijua yaya mwenye tumbo kubwa hakai kazini, na chumba hufuata kazi. Mkono wangu ndio uliokuwa chakula chetu. Nikaenda kwa Mwalimu Eliya, nikamweleza yote, nikitegemea atasema nimerukwa na akili. Hakusema hivyo. Alitazama mkono wangu, akasema huyo nimeshamshika, basi niende kwa mama yake nikamalize.

Ni rahisi kusema. Nilifika Kangemi na vyeti vya kanisa kwapani ili walinzi wa kijiji waniruhusu. Nyuma ya kinu nilimkuta mama mmoja mwembamba anakoroga uji. Nilisema natoka katika chama cha waandishi, kwamba namfahamu mwanawe Yohana. Uso wake ukafunguka. Akanikalisha kwenye kigoda alichochonga Yohana mwenyewe, maana alikuwa seremala. Akanieleza alivyochukuliwa katika msako mkubwa mjini, akapelekwa kizuizini, na tangu hapo kimya. Lakini wengine walikuwa wanarudi, akasema. Wa jirani alirudi. Wa mbele ya barabara alirudi. Kwa hiyo kila siku alipika chakula cha watu wawili, asije mwanawe akafika na njaa akute sufuria tupu.

Niambie, wewe ungefanyaje? Nikimwambia kilichonileta, nitapata mkono wangu na yeye atapoteza mwanawe. Nikinyamaza, mke wangu atazaa bila paa. Nilikunywa uji wake nikitazama sakafu. Nikaaga, nikarudi Kileleshwa kabla jua halijazama. Selina aliniuliza nimefanya nini huko, nikasema nimekunywa uji. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Ilipita wiki moja hivi ya kukaa kitandani nikitazama mkono wangu kama mtu anayetazama mbwa wa jirani. Mwenye nyumba alishaanza kumwuliza Selina mumewe anaumwa nini. Nikachukua kipande cha mbao, rangi nyeusi na brashi, nikarudi Kangemi.

Yule mama hakuniletea kiti safari hii. Alisimama mlangoni.

"Wewe ulikuja, ukakunywa uji yangu, ukaangalia chini," akasema. "Mtu ako na habari nzuri haangalii chini. Sema."

Nikaketi pale chini, nikaweka ile mbao magotini, nikaacha mkono ufanye ulichotaka. Ukaandika Yohana Kar, ukasimama.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Imesema nini?"

Nikamsomea.

"Hiyo si yote."

"Ndiyo, mama. Alikuja kwetu Ngara, na mimi peke yangu ndiye niliyemwona. Alisema ile imebaki nimalize na wewe."

Kinu kilikuwa kinasaga, tukakisikiliza. Kisha akaniuliza alikuwa amevaa nini. Nikasema koti la khaki. Akauliza miguuni je. Nikasema hakuwa na viatu.

"Hapa aliondoka na viatu," akasema.

Akaketi chini karibu nami, polepole, kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Hakulia. Nilitamani alie, ningejua la kufanya. Alikaa hivyo mpaka kinu kikazimwa, ndipo akaongea.

"Maliza, baba. Mimi nimechoka kupika chakula ya watu wawili." Nilipoinua brashi akanizuia. "Si wewe. Mimi ndio nilimpatia hiyo jina. Wewe nishike tu."

Nikazunguka nyuma yake, nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake. Ulikuwa mkono mkavu, wa jembe, na una joto. Akawa anataja jina, la mwanawe na la baba wa mwanawe, na mimi namwongoza herufi kwa herufi. Jina lenyewe sitalitaja hapa, lina wenyewe. Na uniamini au usiniamini, tulipoanza, nilisikia juu ya mkono wangu mkono mwingine. Ule wa ganzi. Tuliandika watatu. Sikugeuka, na yule mama hakugeuka, lakini nilimwona ameinamisha shavu kidogo upande ule. Herufi ya mwisho ilipokauka, ule uzito ukaondoka.

"Mimi nilikuwa nangoja yeye," akasema. "Kumbe yeye alikuwa nangoja mimi."

Akaenda jikoni, akapakua sahani mbili, moja akanipa mimi. Ilikuwa irio, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja. Nikala yote. Sijawahi kula chakula kizito namna ile, na sikuthubutu kubakiza.

Ile mbao aliisimika nyuma ya nyumba, mahali pasipo na mtu chini yake. Miezi ya mbele nilipopita kumsalimu nilikuta lile jina kila mahali, kwa mkaa, kwenye ukuta, kwenye mlango, hata kwenye kitako cha sufuria. Yule mama asiyejua kusoma aliliandika kwa mwandiko wa chama chetu, kupanda mwembamba, kushuka mnene, mwandiko ulionichukua mimi miaka. Hakuna neno lingine alilojua kuandika, wala hakutaka kufundishwa.

Mimi mkono wangu ulirudi. Yule Mhindi alinipokea, vibao vikaendelea, Selina akajifungua salama. Lakini chama nilikiacha. Mwalimu Eliya alinitumia salamu mara nyingi, na mara zote nilijibu kwamba nimechoka, jambo ambalo halikuwa uongo. Sikuweza tena kuweka mkono wangu juu ya mkono wa mtu mwingine. Mwanangu alipoanza shule alikuja na slati yake, akakaa mbele yangu akanyoosha kidole, anataka baba amshike kwenye herufi ya kwanza. Nikaitia mikono yangu mfukoni. Alilia sana, nami nilitoka nje nikalia pia. Mpaka leo, mtu mzima na watoto wake, anaandika kama kuku aliyepita kwenye tope, na hajui kwa nini nikiona mwandiko wake namshukuru Mungu.

Basi nawe unayefundisha watu, ukijiwa na mgeni usiyemjua akakunyooshea mkono, usiushike haraka kwa sababu ya huruma. Mwulize kwanza jina lake lote. Mwulize na nyumbani anangojwa na nani. Maana ukishaushika, yeye atakwenda kupumzika, na wewe ndiye utakayekwenda kwa mama yake kubisha hodi.