Plastiki Chini ya Pikapu

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu tuliishi wilaya mbili. Mimi nilikuwa muuguzi katika zahanati moja ya Bashay, upande wa Mbulu. Mume wangu alifundisha fizikia Gehandu, kule Hanang. Tuliomba uhamisho, tukaambiwa tusubiri. Pikapu yake ilikuwa kuukuu na ilikunywa dizeli bila aibu, kwa hiyo mafuta yake yalitosha kuja kwangu mara mbili tu kwa mwezi. Mimi nilimtaka kila Ijumaa. Nilimwambia hivyo waziwazi, na mara nyingine kwa ukali, maana nikimkosa mtu huwa nakuwa mkali.

Akatafuta dawa kwenye simu. Aliona video ya watu waliofunika gari kwa chini, wakieleza kwamba upepo hukwama kwenye vyuma vya huko na kulifanya gari linywe zaidi. Likizo ya Juni akalala chali uani kwangu wiki nzima, akikata vipande vya tangi la maji lililopasuka na kuvifunga kwa bolti, kuanzia bampa hadi karibu na magurudumu ya nyuma. Kipande kimoja alikiweka karibu mno na ekzosi, kikayeyuka, na nguo zangu kwenye kamba zikanuka plastiki siku tatu. Akakata kingine, akaacha nafasi. Alipotoka chini ndevu zimejaa vumbi, nilimwambia anaonekana kituko. Ukweli ni kwamba nilimpenda sana siku ile.

Tukaenda kuijaribu. Sharti lake lilikuwa mwendo mmoja, bila kusimama. Hakuwa amefikiria kwamba barabara zetu zina watu. Hatujafika mbali, mzee mmoja aliyesimama kando ya gunia la vitunguu saumu akainua fimbo. Mume wangu akampita, macho mbele.

"Umempita mzee," nikasema.

"Nikisimama hesabu ya mafuta inaharibika."

"Hata shikamoo?"

Aliendesha hadi juu ya kilima, akapunguza mwendo, akageuza gari. Tukarudi njia yote ile, na akashuka kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nikadhani mwalimu siku hizi haoni."

Tulipakia gunia. Mzee akainama, akachungulia chini. "Hii gari umeivalisha nini?"

"Plastiki, mzee. Upepo upite vizuri."

Akafikiri kidogo. "Huku gari inasimamishwa na watu," akasema, "siyo upepo."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mume wangu alinuna hadi tulipomshusha mzee, kisha naye akacheka.

Lakini shule zilipofunguliwa, alikuja kila Ijumaa. Kila akishuka aliipiga pikapu kofi ubavuni na kuniambia, "Unaona? Plastiki hiyo." Wiki ya nne nikaacha kumtania. Nilianza hata kuwasimulia wenzangu wa zahanati kwamba nimeolewa na fundi.

Septemba nikapata siku mbili za mapumziko, nikapanda basi kwenda Gehandu bila kumwambia. Nilikuta pikapu imeegeshwa nyuma ya nyumba, kioo kimejaa vumbi. Jirani yake, mwalimu mwenzake, akanikaribisha kiti.

"Mwalimu yuko njiani, atafika," akasema. "Siku hizi anatembea. Zamani alikuwa anaenda nayo shuleni kila siku, lakini tangu tufungue haiwashi mpaka Ijumaa. Ukimuuliza, anasema gari inapumzika."

Nikamuuliza shule iko wapi. Akanionyesha paa dogo la bati, mbali, ng'ambo ya korongo. Kwa miguu ni saa nzima kwenda, na saa nyingine kurudi.

Nikamwona anakuja taratibu, begi la madaftari begani, akikanyagia pembeni mwa nyayo. Aliponitambua akanyoosha mwendo, akajaribu kutembea kama mtu asiyeumwa popote. Nilitaka kumgombeza, lakini nikampokea begi.

Nikamkalisha, nikamvua viatu, nikaleta maji ya chumvi.

"Plastiki yako inafanya kazi," nikamwambia.

"Si nilikuambia?" akasema, akafumba macho.

Nikamfunga malengelenge, moja baada ya jingine, na sikumuuliza yametoka wapi.